Kijana kachaguliwa timu ya besiboli Pennsylvania, cheti chake kiko Kisauni

Kutoka: Mama wa Kisauni (Pennsylvania)

Assalam alaykum jamani, habari zenu nyote. Mimi nko huku Pennsylvania mwaka wa tatu sasa na kijana wangu ana miaka 12, alianza besiboli kwa kucheza na wenzake wa mtaani tu hata glavu hana, na sasa amechaguliwa timu ya kiangazi ya ligi yao, ile inayotafuta njia ya kwenda mashindano makubwa ya Little League (ligi ya besiboli ya watoto) kule South Williamsport mwezi wa nane. Nlilia kwa furaha siku hiyo. Lakini wataka cheti cha kuzaliwa chenyewe, kopi hawapokei, na mimi nlikiacha kwa mamangu Kisauni. Tena kwa fomu nlijaza amezaliwa 08/09/2013 na karani wa ligi ananiambia mtoto amepita umri. Hajapita! Nmepewa siku 10. Kuna mtu yuko Mombasa anielekeze?

Kutoka: Shangazi wa Tudor (Mombasa)

Waalaykum salaam mwanangu. Tulia kwanza, hili nalijua vizuri, nlikaa Pennsylvania miaka 11 kabla kurudi nyumbani na kijana wangu mdogo alipita njia hiyo hiyo 2019.

Kosa liko kwa tarehe. Sisi twaanza na siku halafu mwezi, wao waanza na mwezi. Wewe umeandika tarehe 8 mwezi wa tisa, yeye amesoma tarehe 9 mwezi wa nane. Na mwezi huo mmoja ndo kila kitu, kwa sababu umri wa Little League wahesabiwa kwa tarehe 31 Agosti ya mwaka wa mashindano, siku hiyo mtoto asiwe ameshatimiza 13. Wako atakuwa bado ana 12, atimiza siku nane baadaye. Kwa vile walivyosoma wao ametimiza wiki tatu kabla, basi ametoka. Mwandikie karani leo leo, mwezi uandike kwa herufi, na umpigie picha ukurasa wa pasipoti wa mtoto ambapo mwezi pia umeandikwa kwa herufi. Usimgombeze, ni mzazi kama wewe anajitolea na hajawahi kuona karatasi ya Kenya.

Sasa cheti. Mimi waliniuliza kitu ambacho sikukitarajia kabisa, waliniuliza uzazi uliandikishwa lini, si cheti kimechapwa lini. Wanataka ionekane mtoto aliandikishwa ndani ya mwaka wake wa kwanza, ili mtu asije akamtengenezea mtoto umri mpya akiwa ashakuwa mkubwa. Kwa sheria yetu uzazi waandikishwa ndani ya miezi sita, baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa na una mlolongo wake. Wangu nlimuandikisha mapema alhamdulillahi lakini karani wa hospitali niliyozalia alikuwa amekosea jina, akaandika herufi moja zaidi kuliko ya pasipoti, na mimi miaka yote ile sikuona. Nlimtuma dadangu akaanza eCitizen, ile tovuti ya serikali, akaenda Huduma Centre mjini, akarudishwa, akaenda na kadi ya kliniki na hati ya kiapo ya wakili, akarudishwa tena, mwisho ikapatikana siku mbili kabla ya muda kuisha na mimi huku silali. Kwa hivo mwambie mamangu wa Kisauni (nasema mamangu kwa heshima, simjui) akifungua sanduku asisome jina tu. Alinganishe kila herufi, tarehe, jina la baba, tarehe ya kuandikishwa. Kisha atume kwa DHL apewe namba ya kufuatilia. Usimpe msafiri. Kuna mwenzetu alimpa msafiri, mzigo ukalala Dubai siku sita.

Nakwambia haya yote kwa uchungu kwa sababu nakumbuka wale watoto wa Uganda. 2011 timu ya Kampala ilishinda kanda yake kule Kutno, Poland, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kupata nafasi ya Williamsport, na wakanyimwa viza kwa sababu tarehe za karatasi zao hazikulingana. Nafasi ikaenda kwa timu ya Dhahran, Saudia. Watoto walikuwa wameshashinda uwanjani! Ile timu ya Canada iliyokuwa icheze nao, ya Langley, ikasafiri mpaka Uganda Januari 2012 wakacheza nao huko huko, na mimi mpaka leo nikikumbuka nasikia kitu hapa kooni. Mwaka huo huo wa 2012 watoto wa Lugazi, Uganda hiyo hiyo, wakafika Williamsport karatasi zao zikiwa sawa, na wakawafunga timu ya jimbo la Oregon, Marekani, 3 kwa 2. Tulikuwa Waafrika wa kila nchi kwa ile sebule yetu, Wakenya Watanzania Wakongo, twapiga vigelegele utadhani ni harusi.

Na jambo la mwisho japo hukuuliza. Kijana anarusha au anapiga tu? Kama ni mrushaji uhesabu mwenyewe, usimwachie kocha peke yake. Wa miaka 11 na 12 mwisho mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku nne kamili. Mimi sikujua, nkamruhusu acheze na timu nyingine ya wikendi, kila timu inahesabu yake na hakuna anayejumlisha, kiwiko kikamuuma miezi miwili. Mtoto wa miaka 12 mifupa yake bado yakua, na yeye mwenyewe hatakwambia inauma kwa vile anaogopa kutolewa.

Kutoka: Mjomba wa Likoni (Ohio)

Shangazi kasema yote, mimi naongeza la makazi maana hilo huja baada ya cheti. Watataka kuthibitisha mwaishi ndani ya mipaka ya ligi au mtoto asoma shule iliyo ndani. Njia rahisi ni fomu ya shule, isainiwe na mkuu wa shule. Usipoipata ni karatasi tatu za makundi tofauti, mfano leseni ya gari, karatasi ya kodi ya serikali, bili ya stima, na tarehe zake ziwe za ule muda wanaotaja si za jana. Sie tuliohama hama nyumba ndo hukwama hapa.

Halafu dadangu usikate tiketi wala hoteli ya Williamsport sasa hivi. Kuna wilaya kwanza, kuna jimbo, kuna kanda, na mwisho hufika timu 20 tu, 10 za Marekani na 10 za nchi nyingine. Lakini hata asipofika mpeleke siku moja akatazame, nawaomba. Sie tulikwenda na watoto, kuingia ni bure, hulipi hata senti, na nyuma ya uwanja wa Lamade, ule mkuu, kuna kilima cha nyasi ambapo watoto wa mataifa yote wateleza na vipande vya boksi tangu asubuhi mpaka jioni, wangu walirudi suruali za kijani. Mashindano haya yalianza Williamsport 1947, na tangu 1959 yako South Williamsport, watu wa pale wamezoea wageni, hakuna aliyetuangalia vibaya na bibi mmoja alituletea maji bila kumuomba. Bebeni chakula chenu tu, soseji za viwanjani usiulize zina nini, uliza kabla mtoto hajala.

Kutoka: Mama wa Kisauni (Pennsylvania)

Jamani nashukuru sana, Mungu awazidishie. Cheti kimefika juzi! Mamangu alikuwa amekiweka ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na khanga zake za arusi. Ameandikishwa mwezi wa pili wa uzazi, jina herufi kwa herufi sawa na pasipoti. Karani aliomba radhi kwa ile tarehe, nami nkamuomba radhi yake. Na shangazi, anarusha kweli, nmenunua daftari nahesabu.

Mechi ya kwanza ya wilaya ni Jumamosi saa nne asubuhi ya huku, Mombasa itakuwa saa kumi na moja jioni. Haionyeshwi kwa televisheni, babake atapiga video kwa WhatsApp. Mamangu ana ile simu ya kitufe. Shangazi naona haya kukuomba, lakini kutoka Tudor mpaka Kisauni ni kuvuka daraja la Nyali tu.

Kutoka: Shangazi wa Tudor (Mombasa)

Haya ya nini. Nipe namba ya mamako faraghani nimpigie leo. Ntafika kabla ya alasiri, ntaswali kwake, bando nshanunua na chaja nabeba.