Nimjibuje mzee anayesifu "wakati wa Wabelgiji"?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi, Kongo)
Mjomba wangu, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, hunifunga mdomo kwa hoja moja: wakati wa Wabelgiji mfanyakazi alipata posho ya unga, mtoto alisoma na mgonjwa alitibiwa bila kulipa, na kwa kuwa vyote vilikufa baada ya uhuru wa 1960, basi utawala wa kikoloni ulikuwa mfumo bora. Nikimtajia fimbo na kazi za kulazimishwa, hunijibu kwamba mimi nimesoma vitabuni ilhali yeye ameyaishi. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Mwana wa Kamalondo
Mwalimu, kwanza muulize mzee alizaliwa mwaka gani. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilitaifishwa Januari 1967, ikawa kampuni ya serikali ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na ni kampuni hiyo iliyoendelea kutoa posho, kusomesha watoto na kuendesha hospitali kwa zaidi ya miaka 20. Katikati ya miaka ya 1980 bado ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, na mwaka 1994 hazikufika tani 50,000. Huenda mzee hasemi uongo hata kidogo, ila ameweka ujana wake katika utawala usio wake.

Msomaji wa Ruashi
Hoja ya tarehe ni nzuri, ndugu, lakini usiikimbie nusu ya pili. Mpango wa posho, nyumba na shule ulibuniwa na Wabelgiji. Gécamines iliurithi tu. Isitoshe, tukimpokonya mzee Wabelgiji tunamkabidhi Mobutu, rais tangu 1965, na chama chake kimoja, na sijui kama hapo tumeshinda.

Mwana wa Kamalondo
Nakubali kuhusu Mobutu, maana waliotaifisha kampuni ndio pia walioikamua. Kuhusu asili ya mpango, kampuni ililisha wafanyakazi kwa sababu ilihitaji mikono isiyokimbia wala kufa mapema. Kulishwa na kutawaliwa vizuri ni mambo mawili. Desemba 1941 wachimbaji wa mji huuhuu, wenye posho hiyohiyo, waligoma wakidai mishahara, na askari wakawapiga risasi uwanjani. Hapakuwa na mbunge wa kumlalamikia, kwa kuwa wakazi wa hapa walipiga kura kwa mara ya kwanza Desemba 1957, nayo ilikuwa ya mabaraza ya mji peke yake. Mfumo upimwe hapo: mtu akionewa, ampelekee nani shauri lake?

Mwalimu wa Katuba
Nimemuuliza jana jioni, kwa adabu. Alizaliwa 1957. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba katika darasa analolikumbuka, picha iliyotundikwa juu ya ubao ilikuwa ya Mobutu.