Mrejesho: zile DVD na mikanda ya Tom and Jerry

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau, nakusanya zile filamu fupi 114 za Tom and Jerry za 1940 hadi 1958. Nilikwama kwa sababu DVD kutoka Marekani zilikataa kucheza, na mikanda ya VHS imeota ukungu, nikaja kuomba ushauri hapa.

Aliyesema diski hazina tatizo alipatia. DVD hufungwa zicheze kwenye deki za eneo fulani la dunia tu: hizi ni za eneo namba 1 (Marekani), deki yangu ya DVD inasoma 2. Nilitafuta maelezo ya modeli yangu, nikafungua trei, nikabonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, nikaweka 0 (yaani maeneo yote). Ikasoma hapo hapo! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mikanda ndiyo imenitoa jasho. Nilionywa nisiingize mkanda wenye ukungu kwenye deki, utachafua vichwa vya kusomea; nifungue skrubu za kasha niusafishe kwanza. Mbishi mimi, nikaingiza. Chenga tupu, kisha deki ikautafuna mpaka ukakatika. Ndipo nikatii kwa iliyobaki: nikafungua skrubu tano za kasha, nikafuta ule unga mweupe kwa kitambaa laini huku nikizungusha taratibu kwa mkono. (Vaeni barakoa, nilipiga chafya jioni nzima.) Miwili iliyofuata imecheza vizuri na nimeshairekodi kwenye kompyuta. Wa nne ni NTSC (mfumo wa video wa Marekani) na deki yangu ya VHS inasoma PAL tu (mfumo mwingine), kwa hiyo picha inaruka na haina rangi. Huo nimeuweka kando hadi nipate deki ya mifumo yote.

Asanteni sana, hasa mkuu aliyenishauri kuhusu skrubu. Ule mkanda wa kwanza uliokatika haufufuki tena, nimeshakubali.