Tochi ya betri kubwa au ya kuchaji? Betri zinanimwagia maji kila msimu

MwanaChikongola
Wakuu salaam. Kesho naingia sokoni kununua tochi, nisaidieni kabla sijatupa hela. Mwaka huu zimenifia mbili, ugonjwa mmoja: unafungua nyuma unakuta unga mweupe, springi imeliwa, betri zimeng'ang'ania. Sasa niko njia panda. Ninunue ya betri kubwa tena ila nitie alkali, nichukue ya kuchaji, au nibaki na betri za bei chee niwe nabadilisha mapema?

FundiMikindani
Mkuu, umeleta mgonjwa hujasema anaumwa wapi. Tochi ya betri ngapi? Inatumika kila siku au inalala kabatini? Ganda la betri limeandikwa R20 au LR20? Umeme upo? Na mtumiaji ni nani?

BiShangani
Ya kuchaji. Uzi ufungwe.

MwanaChikongola
Samahani fundi. Ni ya mama, yuko Kitangari, kule Newala. Betri mbili kubwa, nimempigia akasomewa na mjukuu: R20. Umeme upo siku upo. Anaitumia kwenda chooni usiku na kuchungulia kuku wakipiga kelele.

FundiMikindani
Hapo sasa. R20 ni kaboni. Lile ganda lake ni zinki, na ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi. Likishakuwa jembamba linatoboka, maji yanatoka. LR20 ni alkali. Ganda lake ni chuma, haliliwi hivyo, lakini ikiisha kabisa inatengeneza gesi ndani, gesi inasukuma kiziba, na kinachomwagika ni potasi kali inayounguza ngozi. Kwa hiyo asikudanganye muuza duka kwamba alkali haivuji. Inavuja, na ikivuja haina huruma.

Halafu hizi taa za LED zinatuponza. Zamani balbu ikiwa nyekundu kama kaa la sigara ulijua betri zimekwisha, unatupa. LED inanyonya mpaka tone la mwisho, inakumulikia hafifu hafifu, nawe unaona bado nzima.

Mkulima_Tandahimba
Ngoja niwape yangu, ni ndefu kidogo. Mwaka juzi Desemba nilikuwa nimeanika korosho uani, magunia kama manne hivi, siku ya pili juani. Usiku saa nane nasikia radi. Tochi ninayo, mpya kabisa, nimeiweka juu ya kabati "ya dharura", wala mtoto haruhusiwi kuigusa. Nabonyeza, kimya. Nafungua nyuma, kifuniko hakizunguki. Nikakishika kwa kitambaa na koleo kikatoka, betri hazitoki. Nagonga kwenye kizingiti, zimevimba zimebana kama kizibo. Nikachukua mchi wa kinu nikapiga kitako cha tochi, ikadondoka moja na unga wote ukanimwagikia mkononi. Mvua imeanza, mimi jasho linanitoka, nikajifuta jicho kwa mkono ule ule.

Jamani. Niliona nyota ambazo mbinguni hazipo. Mke wangu alinimwagia maji jichoni ndoo nzima badala ya kukimbilia korosho. Asubuhi zahanati wakaniambia yale maji ndiyo yaliniokoa. Korosho zililowa, ghalani zikapokewa daraja la pili. Piga hesabu mwenyewe ile tochi ilinigharimu shilingi ngapi.

KijanaWaMtama
Pole sana mzee. Ila mbona sisi betri zikichoka tunaanika juu ya bati na zinarudi? Marehemu babu kaendesha redio hivyo maisha yake yote.

FundiMikindani
Zinarudi usiku mmoja au miwili, kisha ndiyo zinamwaga. Joto linaharakisha kazi ndani ya betri, na zinki yenyewe imeshakuwa kama karatasi. Wateja wangu nusu wanaleta redio za aina hiyo.

KijanaWaMtama
Redio ya babu haikuwahi kuingia kwa fundi.

FundiMikindani
Sawa mjukuu.

BiShangani
Tusikomae na betri peke yake. Huku kwetu ufukweni springi zinaoza hata tochi ikiwa tupu, ni chumvi ya upepo. Ukiona kahawia hiyo ni kutu, ukiona unga mweupe hiyo ni betri. Mimi nimeachana na hizo habari, nina ya kuchaji mwaka wa tatu.

FundiMikindani
Dada, ya kuchaji ipi? Zile za pini za kuchomeka ukutani nyingi zina betri ndogo ya asidi. Ikikaa tupu miezi miwili haishiki chaji tena. Za lithiamu ni afadhali, ila ikivimba usiendelee kuichaji. Mama wa Kitangari umeme ukilala siku tatu anachaji wapi?

BiShangani
Kijisola. Kwani Kitangari hakuna jua?

Mkulima_Tandahimba
Kule juu ukungu ukishuka unaweza usilione jua mpaka saa nne, dada.

MwanaChikongola
Tusigombane. Hizi zilizokwishaharibika naweza kuziokoa? Naona wengine wanasema ndimu, wengine magadi.

FundiMikindani
Inategemea kilichomwagika. Cha alkali, pamba yenye siki au ndimu kidogo, utaona inachemka. Cha kaboni kina uasidi, hapo ndimu unaongeza ubaya, tumia baking soda na maji kidogo. Zote mbili umalizie kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe, kisha msasa laini kwenye springi. Vaa hata mfuko wa plastiki mkononi.

KijanaWaMtama
Nipa, ile pombe kali ya mabibo, haifai? Ile inasafisha kila kitu.

FundiMikindani
Inakausha tu, unga haiuvunji nguvu. Kunywa, tochi iache.

Kwa mama: usichanganye betri ya zamani na mpya, wala kaboni na alkali. Iliyochoka inasukumwa na mwenzake mpaka inageuka, ndiyo ya kwanza kumwaga. Akimaliza msimu azitoe zikae kando ya tochi, siyo ndani.

Mkulima_Tandahimba
Azitoe? Usiku paka kakamata kuku aanze kutafuta betri gizani?

FundiMikindani
Basi kwa anayetumia kila usiku zikae, ila zikianza kufifia tu, nje. Kabatini ndiyo usiziache.

BiShangani
Na zikifa msizitupe shimo la choo. Wala motoni, zinalipuka.

Mkulima_Tandahimba
Sisi shuleni tulizipasua tukachanganya ule unga mweusi na kisamvu tukapaka ubao. Mikono ilikuwa haitakati wiki nzima.

KijanaWaMtama
Sisi majani ya maboga. Mwalimu alikuwa anakagua nani kaleta betri.

Mkulima_Tandahimba
Maboga yanateleza, chaki haishiki.

MwanaChikongola
Mrejesho: nimezunguka maduka manne, alkali zipo zile ndogo tu, za saizi ya mama hakuna. Nimenunua kaboni jozi mbili na tochi moja ya lithiamu, apime mwenyewe. Ile ya zamani nimekuja nayo, betri ya ndani kabisa imegoma kutoka. Fundi, Mikindani unakaa upande gani?