Kupima gesi ya radoni kabla ya kununua nyumba Minnesota

Swali – Mama Wawili, Brooklyn Park

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Mimi na mume wangu tunakaribia kukamilisha ununuzi wa nyumba hapa Brooklyn Park, Minnesota, na tumekusudia chumba cha besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, kiwe cha mama mkwe wangu, ambaye anahamia kwetu kutoka Nakuru. Katika hati tulizopewa, muuzaji ameandika kwamba nyumba haijawahi kupimwa radoni, ile gesi itokayo ardhini ambayo huweza kuleta saratani ya mapafu. Jirani anasema alipima kwake akakuta kiwango cha chini, na kwa sababu hiyo baadhi ya jamaa wanatushauri tusiingie gharama. Je, kipimo cha jirani kinaweza kututosha? Kama sivyo, tupime kwa njia gani ilhali muda uliobaki ni mfupi?

Jibu – Mkaguzi wa Nyumba

Dada, kipimo cha jirani hakiwezi kukutosha hata kidogo. Radoni hutokana na urani iliyomo katika udongo na miamba, ambayo hujigeuza polepole kuwa radiumu na hatimaye kuwa gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hupenya ndani kupitia nyufa za sakafu, mwanya ulio kati ya sakafu na ukuta, na shimo la pampu ya maji, na mambo hayo hayafanani hata katika nyumba mbili zilizojengwa mwaka mmoja na fundi mmoja. Wakati wa baridi hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na nyumba iliyofungwa hufyonza hewa nyingine kutoka ardhini. Idara ya Afya ya Minnesota inaeleza kwamba takriban nyumba 2 kati ya 5 katika jimbo hili zina kiwango kinachohitaji kurekebishwa.

Kuhusu sheria, tangu Januari 2014 muuzaji analazimika kukueleza kwa maandishi yale anayoyajua kuhusu radoni katika nyumba yake, lakini halazimiki kupima. Kwa hiyo aliyekuandikia kwamba haijapimwa ametimiza wajibu wake, na mzigo umebaki kwenu.

Kwa kuwa muda ni mfupi, mwajiri mpimaji mwenye leseni, aweke kifaa cha elektroniki kinachorekodi kiwango saa baada ya saa, kwa muda usiopungua saa 48. Madirisha na milango ya nje ifungwe kwa muda wa saa 12 kabla ya kipimo kuanza, na ibaki imefungwa mpaka kiishe, isipokuwa kwa kuingia na kutoka kwa kawaida. Kifaa kikae katika chumba hichohicho cha mama, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mbali na dirisha na bafu. Mkipata pikokyuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa au zaidi, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linataka nyumba irekebishwe. Kati ya 2 na 4 linashauri mlifikirie jambo hilo, nami ningerekebisha, kwa sababu mtu atalala humo kila usiku.

Jibu – Muuguzi

Ningependa kuongeza jambo moja la afya. Radoni haileti kikohozi wala maumivu ya kichwa ambayo yangemtahadharisha mtu. Chembe zinazozaliwa nayo hunasa katika mapafu na kuyadhuru kwa miaka mingi. Shirika hilohilo linakadiria vifo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini Marekani kutokana na gesi hii. Ikiwa kuna mvutaji wa sigara nyumbani, tafadhali aache, kwa maana vitu hivi viwili vikikutana hatari huongezeka mno: katika kiwango cha pikokyuri 4, wavutaji wapatao 62 kati ya 1,000 wanaweza kupata saratani hiyo, ilhali kwa wasiowahi kuvuta ni wapatao 7.

Jibu – Baba Neema, Rochester

Kipimo kikiwa juu, msiiache nyumba mliyoipenda. Kwetu fundi alitoboa sakafu ya besimenti, akapitisha bomba la plastiki hadi juu ya paa, na akafunga feni inayovuta hewa ya chini ya sakafu usiku na mchana. Kiwango kilishuka kutoka 7.8 hadi chini ya 1. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi, na kufungua madirisha kama tulivyozoea nyumbani husaidia kwa saa chache tu, mbali na kwamba haiwezekani mwezi wa Januari. Gharama ya matengenezo mnaweza kujadiliana na muuzaji kabla ya kutia saini, kwani baada ya hapo itakuwa yenu.

Mama Wawili

Nawashukuru sana. Tumemwomba wakala aingize sharti la kipimo katika mkataba, na mpimaji anakuja Jumatatu. Tukishahamia, tutaweka pia kipimo cha muda mrefu, cha zaidi ya siku 90, ili tujue hali ilivyo majira ya baridi.