Kusafisha mafuta yaliyomwagika kwenye mikoko: vifaa gani tudai kabla ya kutia sahihi?

Mkoko_Kusini

Salaam wanajukwaa. BMU yetu ya Kwale (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) imeombwa itoe orodha ya watu 40 watakaoitwa endapo meli itamwaga mafuta karibu na mikoko. Vifaa tulivyoonyeshwa ni barakoa za vumbi, glavu nyembamba za mpira kama za hospitali, gambuti na ovaroli za pamba. Kipima gesi hakikutajwa. Kabla hatujatia sahihi, nataka kujua kipi tukatae, kipi tudai, na mtu akae muda gani kwenye matope katika jua la Februari.

Mpima_Hewa

Ndugu, swali la kwanza kabla ya vifaa ni: mafuta gani, na yamemwagika lini? Mafuta ghafi mepesi yakiwa mabichi hutoa mvuke mwingi wenye benzeni, kemikali inayoharibu damu na kusababisha saratani yake. Sehemu kubwa ya mvuke huo hupotea siku moja au mbili za mwanzo. Mafuta mazito ya injini za meli yana mvuke mchache zaidi, lakini yananata na hatari yake kubwa ni kwenye ngozi. Kwa hiyo saa zile za mwanzo, ambapo kila mtu anataka kukimbilia ufukweni, ndizo za kusubiri. Asiingie mtu mpaka hewa ipimwe, na mpimaji aje kutoka upande unakotoka upepo.

Kuna kosa moja kubwa hapa. Kipima gesi cha kawaida cha gesi nne hupiga kengele mvuke unapofika asilimia 10 ya kiwango cha kulipuka. Kwa benzeni hiyo ni takriban sehemu 1,200 kwa milioni. Kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inashauri kisizidiwe kwa dakika 15 ni sehemu 1 tu kwa milioni. Kengele ikikaa kimya maana yake hapatalipuka, si kwamba hewa inafaa kuvutwa. Daini kipima mvuke cha aina ya PID, na kwa kuwa chenyewe husoma mivuke yote pamoja, daini pia tyubu za kioo zinazobadilika rangi kwa benzeni peke yake.

Pua msiitegemee. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza, ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imeondoka. Ufukweni penye upepo ni nadra kufika huko. Hatari iko kwenye mapipa na matangi ya mafuta yaliyokusanywa: yakishinda juani yamefungwa, asiinamie mtu mdomo wa pipa anapolifungua.

Katriji_A

Barakoa za vumbi zikataeni kabisa. Mvuke unapita kama hakuna kitu, na mvaaji anapata ujasiri wa kusogea pasipofaa. Kinachozuia ni barakoa ya mpira yenye katriji za mvuke wa kikaboni: mkanda wa kahawia kwa mfumo wa Ulaya, mweusi kwa wa Marekani. Ndevu huvunja mgandamano wake usoni, na katriji zibadilishwe kwa ratiba. Ukisubiri mpaka unuse mafuta ndani umechelewa. Haifai pia mahali penye upungufu wa oksijeni, kama ndani ya tangi. Mimi ningewavisha wote 40.

Mpima_Hewa

Hapo sikubaliani nawe, kaka. Kuvuta hewa kupitia katriji ukiwa ndani ya ovaroli isiyopitisha jasho, kwenye unyevu wa pwani, kunamchosha mtu haraka. Katika kazi ya kusafisha mafuta yaliyomwagika kutoka mtambo wa Deepwater Horizon kule Marekani mwaka 2010, joto lilikuwa miongoni mwa matatizo makubwa ya wasafishaji wa ufukweni. Vipimo vikionyesha mvuke, barakoa ivaliwe na zamu zifupishwe. Vipimo vikiwa safi na mafuta yameshakuwa donge la lami, barakoa inaongeza hatari kuliko inavyopunguza.

Katriji_A

Nakubali, mradi vipimo virudiwe kila upepo ukigeuka na kila mafuta mapya yakifika. Bila vipimo hivyo nabaki na neno langu.

Muuguzi_Zamu

Nizungumzie joto na ngozi, maana ndipo wengi wataumia.

Siku ya kwanza mgeni wa kazi afanye asilimia 20 ya zamu, kisha aongezewe 20 kila siku. Kila mtu anywe glasi ya mililita 250 kila dakika 15 hadi 20, asizidi lita moja na nusu kwa saa. Kwa watu 40 na saa tano, hizo ni lita 150 hadi 200, ziwe zimefika kabla ya watu. Madafu ni mazuri lakini yana sodiamu kidogo. Wanaotoka jasho sana wapate ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji). Muwe wawili wawili. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba, mvueni ovaroli hapohapo, mmwagieni maji baridi na kumpepea huku gari likiitwa. Kumkimbiza hospitali akiwa bado anaungua kunapoteza dakika ambazo ubongo hauna.

Glavu za mpira wa hospitali hulainika na kuvimba kwenye mafuta. Daini za nitraili nzito zinazofika karibu na kiwiko, na nyembamba za nitraili ndani yake. Kwenye mikoko, chaza na mizizi ya mchu huchana gambuti, kwa hiyo wekeni mbao za kukanyagia (zinazuia pia mafuta kusukumwa chini ya tope) na kila mtu awe na chanjo ya pepopunda. Wakati wa bamvua tokeni mapema, maana kukimbia na gambuti zenye mafuta haiwezekani. Viroba visijazwe zaidi ya nusu, migongo itavunjika.

Mkoko_Kusini

Ahsanteni sana. Na kujisafisha? Hapa watu wamezoea mafuta ya taa.

Muuguzi_Zamu

Mafuta ya taa na petroli hapana: huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kufungua njia kwa sumu. Paka mafuta ya kupikia, futa kwa kitambaa, kisha sabuni ya vyombo na maji. Wakati wa kuvua, sugua gambuti kwanza, vua glavu za nje, viringisha ovaroli kwa nje-ndani, halafu barakoa, na glavu za ndani mwisho kabisa. Ovaroli zisiende nyumbani kufuliwa na mama na watoto. Mwajiri azifue au azitupe. Wajawazito, walio chini ya miaka 18 na wenye pumu wapewe kazi mbali na mafuta.

Daftari pia: jina, eneo, kazi, saa, dalili, kila siku. Wavuvi waliosafisha mafuta ya meli ya Prestige kule Galicia, Hispania, walionekana na matatizo ya kupumua zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Marekani mwaka 2010, kwenye kazi ya Deepwater Horizon, NIOSH iliandikisha zaidi ya watu 55,000 kwa sababu hiyohiyo. Daini na mkataba wa ajira wa maandishi: WIBA ya 2007, sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini, inamlinda mwajiriwa, na anayeitwa "wa kujitolea" anaweza kujikuta nje. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, visikatwe kwenye posho.