Dakika 40 za chakula cha jioni: wenye watoto wadogo mnafanyaje?

MamaWawili:

Ndugu zangu, ninaomba mawazo kutoka kwa wale waliokwisha kupita ninapopita mimi sasa. Nina watoto wawili, wa kwanza ana miaka 4 na wa pili ana miezi 10, na mimi na baba yao tunafanya kazi za kutwa. Tunafika nyumbani na watoto yapata saa kumi na mbili jioni, na ikifika saa mbili kasoro robo yule mdogo huwa amekwisha kusinzia, awe amekula au hajala. Ukiondoa muda wa kuwaogesha, kubadilisha nepi na kutuliza vilio, ninabaki na dakika 40 hivi za kusimama jikoni, na hata hizo ninazitumia mtoto mmoja akiwa mkononi na mwingine akinivuta nguo.

Nilijaribu njia ninayoisikia ikisifiwa sana, ya kupika Jumapili chakula cha wiki nzima. Nilitumia saa tano, nikajaza vyombo kwenye friji, na Jumatatu nilijiona mshindi. Kufikia Jumatano wali ulikuwa mkavu na una harufu nisiyoielewa, mchuzi wa kuku haukuwa na aliyeutamani, na Alhamisi tulikula mkate na chai. Nusu ya chakula nilikimwaga, na siku yangu ya kupumzika ilikuwa imekwenda nacho.

Tatizo la pili ni huyu wa miaka 4, ambaye hataki vyakula vigusane. Wali ukiguswa na mchuzi, sahani nzima haifai tena. Matokeo yake ninapika mara tatu kila jioni: chakula cha watu wazima, cha mkubwa, na cha kuponda cha mdogo. Sitafuti mapishi ya kifahari. Ninataka kujua mnaipanga vipi kazi yenyewe ili chakula kiwe kimepikwa nyumbani, kiwe kimoja, na kiuwahi usingizi. Nina jiko la kawaida, friji yenye friza ndogo, na sufuria ya presha niliyopewa zawadi ambayo, kusema kweli, ninaiogopa.

BabaWaWatatu:

Mama Wawili, pole sana. Mimi ndiye mpishi wa nyumba yetu kwa sababu mwenzangu hufanya kazi za zamu, na hilo kosa la Jumapili nililifanya kwa miezi kadhaa kabla ya kulielewa. Kupika mapema hakukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kupika vyakula vilivyokamilika. Mchuzi uliokwisha kuungwa na kukolea humchosha mlaji unaporudi mezani mara ya tatu, lakini maharage yaliyochemshwa tu, bila kitunguu wala chumvi, bado hayajaamua yatakuwa chakula gani. Kwa hiyo siku hizi mwisho wa juma ninatumia saa moja na nusu, nyingi yake ikiwa ya kusubiri sufuria, na ninaandaa vitu vitatu tu.

Cha kwanza, ambacho ningekiokoa nyumba ikiungua, ni rojo ya nyanya. Ninakaanga vitunguu vinne vikubwa kwa moto mdogo mpaka vilainike kabisa, ninaongeza kitunguu saumu, karoti tatu zilizokunwa na nyanya kilo moja na nusu, kisha ninaliacha sufuria wazi mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Siweki chumvi wala pilipili. Ikipoa ninaigawa kwenye vyombo vidogo, kila kimoja kikiwa na kiasi cha mlo mmoja, na kuvigandisha. Cha pili ni maharage au dengu zilizochemshwa zikaiva. Cha tatu ni nyama ya kusaga iliyokaangwa na kitunguu, au kuku aliyechemshwa na kunyambuliwa.

Jioni yenyewe sasa inakuwa nyepesi. Siku moja rojo inayeyushwa, maharage yanatiwa humo, na kwa dakika 15 kuna mchuzi mzito. Siku nyingine rojo hiyohiyo inachemka kwenye kikaango, ninapasua mayai juu yake na kufunika mpaka yashikane kabisa. Nyama ya kusaga inaingia kwenye tambi. Siku ambayo friza ni tupu, ninategemea adesi nyekundu zilizokobolewa, ambazo wengine huziita kamande: hazihitaji kulowekwa, huiva kwa dakika 20 hivi, na husagika zenyewe kiasi kwamba mtoto wa miezi 10 anazila bila kupondewa. Kama kuna kitu kimoja cha kununua leo, ni hizo.

Kuhusu kupika mara tatu, acha kuanzia leo. Pika sufuria moja bila chumvi. Kikiiva, pakua cha mdogo na ukiponde kwa uma, pakua cha mkubwa jinsi anavyotaka, kisha ndipo mtie chumvi na viungo vyenu kwenye kilichobaki. Jambo jingine ni mpangilio wa dakika zenyewe. Mimi nikifika ninabandika maji kabla sijavua viatu, kwa sababu karibu kila mlo utahitaji maji ya moto ya wali, viazi au tambi, na muda unaopotea zaidi ni ule wa kuyasubiri yachemke. Wakati huohuo ninawapa watoto sahani ya vipande vya karoti zilizopikwa au tunda. Saa hiyo wana njaa ya kweli, na mboga ambazo mezani wangezikataa huisha bila mjadala.

Kitu cha mwisho: usihangaike na kuosha vyombo usiku. Mimi huacha sufuria ya mchuzi juu ya jiko, imefunikwa, ipoe hadi asubuhi, kisha ninaiweka kwenye friji.

MuuguziMstaafu:

Ninakubaliana na Baba wa Watatu karibu katika kila jambo, isipokuwa hilo la mwisho, na ninaomba asinichukie kwa kumpinga mbele ya watu. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Bakteria wengi wanaosumbua tumbo hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa katika joto hilo kwa saa nyingi kwa sababu katikati yake hupoa polepole sana. Kigawe chakula kwenye vyombo vipana na vifupi, kiache wazi kitoe mvuke, kisha kiingie kwenye friji kikiwa bado na uvuguvugu. Friji haitaharibika kwa hilo.

Mama Wawili, ile harufu ya wali wako inanihusu zaidi. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na mojawapo ya sumu hizo haiharibiki hata ukipasha wali moto mpaka ufuke mvuke. Ndiyo maana kiporo cha wali hakifanani na viporo vingine. Utandaze kwenye sinia, uweke kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, na upashwe moto mara moja tu. Wali wa Jumapili hauwezi kuwa wa Jumatano, labda uwe umegandishwa siku ileile. Michuzi na maharage hukaa siku tatu hadi nne kwenye friji. Zaidi ya hapo, tumia friza, na siku ya kutumia uyeyushie ndani ya friji tangu usiku wa kuamkia, wala si juu ya meza.

Maharage mekundu nayo yana masharti yake. Yakiwa mabichi au hayakuiva vizuri yana sumu ya asili inayosababisha kutapika vibaya, na punje chache tu zinatosha. Yaloweke kwa saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 kwa uchache kabla ya kupunguza moto. Vyungu vya umeme vinavyopika polepole kwa moto mdogo havifikii joto hilo, kwa hiyo usiyatie humo yakiwa hayajatokota kwanza.

Kwa huyu wa miezi 10, kuchelewesha chumvi ni ushauri mzuri sana. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuzidisha gramu 1 ya chumvi kwa siku, na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi peke yake mara nyingi huvuka kiwango hicho. Asali asipewe kabisa mpaka atimize miezi 12, hata kidogo ya kulambishwa. Maharage na adesi atayapata ya kutosha, lakini madini ya chuma yaliyomo ndani yake hunyonywa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, na hapo rojo ya nyanya na kipande cha chungwa vinasaidia. Zabibu zikatwe kwa urefu mara nne, na karanga nzima zisubiri mpaka atimize miaka 5. Hilo linamhusu na mkubwa pia.

BabaWaWatatu:

Sijachukia, Mama Muuguzi, ingawa nimekaa kimya kidogo nikihesabu sufuria nilizokwisha kulaza jikoni. Jana nimegawa mchuzi kwenye sinia mbili kabla ya kulala. Imenichukua dakika nne, na sinia moja zaidi ya kuosha, jambo ambalo ninalilalamikia hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kunisikiliza.

BibiWaSaba:

Mwanangu Mama Wawili, wenzangu wameshughulikia sufuria, mimi niseme juu ya huyo mjukuu wa miaka 4. Nimelea wanangu na sasa ninasaidia kulea wajukuu, na mtoto wa kukataa vyakula vilivyogusana sijamkosa katika kizazi chochote. Usimpikie chake. Chukua chakula kilekile na ukipakue kabla hakijakutana: maharage upande huu, wali upande ule, mchuzi kwenye kibakuli kidogo achovye mwenyewe akitaka. Hapo hujaongeza kazi yoyote jikoni, na yeye amepata anachotafuta, yaani kuona vizuri kilichomo kwenye sahani yake.

Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyeieleza kanuni ambayo bibi yangu aliishi nayo bila kuiandika: mzazi huamua chakula kiwe nini, kiliwe lini na wapi, mtoto huamua kama atakula na kwa kiasi gani. Nilipokuwa kijana nililazimisha vijiko vya mwisho, nikabembeleza, nikaahidi vitu vitamu. Nilichokipata ni watoto waliojifunza kwamba mboga ni adhabu na kitu kitamu ni malipo. Kwa wajukuu nimebadilika. Ninaweka mezani angalau kitu kimoja ninachojua mtoto atakila, hata kama ni wali mtupu, kisha vingine ninavipakua kidogo sana, kijiko kimoja tu, bila kusema neno. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali, na kukiona tu bila kukigusa nako ni kukutana. Jioni akiamua kutokula, anaondoka mezani salama. Tumbo lake ni dogo, na asubuhi atafidia.

Mpe pia kazi. Miaka 4 inatosha kuchambua maharage, kuosha viazi kwenye beseni, kukoroga mayai na kupanga vijiko. Utapoteza dakika tano na sakafu italowa. Lakini huyo aliyekuwa akikuvuta nguo sasa ana shughuli, na nimeona mara nyingi kwamba mtoto huonja alichokikoroga.

Jambo moja ambalo sikubaliani nalo katika mazungumzo haya ni dhana kwamba kila jioni lazima kuwe na kitu tofauti. Watoto wadogo wanapenda kujua kinachokuja. Kwetu Jumatano ni mayai na viazi, na imekuwa hivyo kwa miaka. Anayechoka na Jumatano ni mtu mzima, na mtu mzima anaweza kujiongezea pilipili.

MamaWawili:

Asanteni sana nyote, na shikamoo Bibi. Nimejaribu kwa wiki mbili sasa. Rojo ipo kwenye friza, adesi tumezila mara tatu, na mdogo anazishika kwa mikono yote miwili. Mkubwa bado hataki mchuzi, ila juzi alichovya ncha ya kiazi kwenye kibakuli, akakiangalia kwa muda mrefu, akakirudisha. Nimehesabu hiyo kuwa mara ya kwanza kati ya zile kumi. Ninachoshindwa ni maharage, kwa sababu yananilia gesi na muda mwingi. Je, ile sufuria ya presha ni salama kweli?

BabaWaWatatu:

Ni salama ukiiheshimu. Mvuke uliofungiwa hupandisha joto mpaka nyuzi 120 hivi, badala ya 100 za maji yanayochemka kawaida, na ndiyo maana maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 15 hadi 25 kutegemea aina. Kabla ya kufunga, kagua kama mpira wa mfuniko haujapasuka, na tazama kwenye tundu la kutolea mvuke uone mwanga upande wa pili, kwa sababu ganda moja la maharage linatosha kuliziba. Usijaze kupita nusu, kwani maharage hutoa povu na kuvimba, na tia kijiko kimoja cha mafuta ili povu lipungue. Anza kuhesabu dakika mvuke unapoanza kutoka kwa nguvu, kisha punguza moto. Ukimaliza, zima na uiache ishushe mvuke wenyewe; mfuniko ukigoma kufunguka, usiulazimishe, maana yake presha bado imo ndani. Mara ya kwanza ijaribu na maji matupu, siku ambayo watoto hawapo jikoni, ili uizoee sauti yake.