Fomu za tovuti zisizofunguka ndani ya kivinjari: kwa nini lawama zinatuangukia sisi wa steshenari?

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimelivumilia kwa muda mrefu, lakini lililotokea Jumatatu limenifikisha mwisho wa uvumilivu.

Ninaendesha steshenari ndogo Sinza, upande wa Shekilango. Watu huja kwangu kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti na, siku hizi zaidi ya yote, kujaza maombi ya mtandaoni. Jumatatu saa nne asubuhi aliingia mama mmoja na kijana wake aliyemaliza chuo. Walihitaji fomu ya taasisi fulani, ambayo sitaitaja, waijaze, waipeleke kwa mtendaji wa mtaa igongwe muhuri, kisha tuiskani na kuipandisha kwenye mfumo kabla ya saa kumi jioni. Kazi ya nusu saa, nikamwambia mama akae kwenye benchi.

Tulipobofya mahali palipoandikwa kwamba fomu inapatikana hapo, ukurasa ulifunguka vizuri, nembo ikaonekana, menyu ikaonekana, na katikati, mahali ambapo fomu ilipaswa kuwa, tukapata mstatili mtupu wa rangi ya kijivu. Juu ya mstatili huo kulikuwa na sentensi inayotutaka tusakinishe kiongezo cha Adobe Reader, yaani programu ndogo ya kuchomekwa ndani ya kivinjari, ili tuweze kuuona waraka. Naomba wanaosimamia tovuti wanisikilize vizuri hapa: viongezo vya aina hiyo Chrome iliacha kuvipokea Septemba 2015, na Firefox ikafuata Machi 2017. Vivinjari hivyo vina visomaji vyao vya PDF (aina ya faili la waraka kama fomu hiyo) ndani kwa ndani, Chrome tangu mwaka 2010 na Firefox tangu mwaka 2013. Kwa hiyo mwananchi anaelekezwa kusakinisha kitu ambacho kivinjari chake hakikubali tena, na maelekezo hayo yamekaa pale miaka yote hiyo bila mtu kuyasoma.

Mteja hajui hayo. Anachokiona ni kompyuta ya dukani kwangu imeshindwa kufungua fomu. Mama akaniuliza kwa upole kama mashine yangu ni ya zamani.

Kijana wangu wa kazi, ambaye amesomea mambo haya, alifungua dirisha la waendelezaji, sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa ya ukurasa, akaona sababu. Ukurasa wenyewe ulikuwa unaitwa kwa https, njia salama ya mtandao, ilhali fremu iliyobeba fomu, yaani kisanduku kinachoonyesha waraka mwingine ndani ya ukurasa, iliitwa kwa anwani ya zamani ya http, isiyo salama. Kivinjari hukataa kuingiza kitu cha njia isiyo salama ndani ya ukurasa salama, na hukataa kimyakimya, bila kumweleza mtumiaji lolote. Kuna mtu aliihamisha tovuti kwenda https akasahau kubadilisha anwani za nyaraka. Ni herufi moja, wakuu. Herufi "s" tu.

Tukainakili anwani ya faili na kuifungua peke yake. Hapo tukakutana na kikwazo cha pili, ambacho ndicho kilichoniudhi kuliko vyote: ukurasa mmoja mweupe wenye maneno ya Kiingereza yanayotuomba tusubiri. Mama alisubiri kweli. Nami kwa aibu nikasubiri naye kama dakika tano, nikidhani intaneti imelegea, mpaka kijana aliponinong'oneza kwamba hakuna kinachopakuliwa, kwa sababu ukurasa huo wa kusubiri umo ndani ya faili lenyewe. Fomu ilikuwa imetengenezwa kwa mfumo wa XFA, yaani PDF ya fomu hai inayojazwa kwenye kompyuta, na kisomaji kisichouelewa mfumo huo hubaki kuonyesha ukurasa ule wa kungoja hata ukikaa mpaka kesho. Firefox ilianza kuzionyesha fomu hizo katika toleo la 93, Oktoba 2021, lakini kabla ya hapo, mwaka 2017, kiwango cha PDF 2.0 (kanuni rasmi za kutengeneza PDF) kilikuwa kimekwisha kuutangaza mfumo wenyewe kuwa umepitwa na wakati. Na fomu yenyewe ilikuwa ya kuchapwa na kujazwa kwa kalamu! Sababu ya kutumia teknolojia ya fomu hai kwa karatasi itakayokwenda kugongwa muhuri wa wino sijaiona mpaka leo.

Tulichofanya mwishoni ni kuipeleka kwenye kompyuta ya nyuma yenye Adobe Reader, tukaichapa, na mama akatoka mbio kumtafuta mtendaji. Alirudi saa tisa na dakika arobaini. Tuliwahi, lakini alipokuwa analipa alisema sauti ya chini kwamba mara nyingine ataenda steshenari ya ng'ambo ya barabara, ambako mashine ni mpya.

Sitaki kusema kwamba vivinjari havina kosa. Faili lile lile linaweza kuonekana vizuri kwenye kompyuta na kuleta balaa kwenye simu. Kwa miaka mingi Chrome ya simu za Android haikuwa na kisomaji chake cha PDF, ikawa inapakua faili tu na kumwachia mtu atafute programu ya kulifungulia. Na kwa muda mrefu Safari ya iPhone ilipokutana na PDF iliyowekwa ndani ya fremu ilionyesha ukurasa wa kwanza pekee. Nina mteja aliyejaza ukurasa mmoja wa fomu ya kurasa nne kwa sababu hiyo hiyo, akarudishiwa maombi yake. Lakini mambo haya yanajulikana. Anayeweka waraka wa umma kwenye tovuti anapaswa kujua kwamba watu wengi hapa Dar es Salaam wataufungulia kwenye simu, tena kwa bando la kuhesabu.

Na hapo kwenye bando nina neno. Tangazo la kurasa tatu, lililoandikwa kwenye kompyuta, linachapwa, linasainiwa, linaskaniwa kwa rangi na ubora wa juu kabisa, kisha linapandishwa likiwa na uzito wa makumi ya megabaiti. Kisomaji cha kivinjari kinazunguka tu, mtu anafunga, anafungua tena, na kila anapofungua analipa upya. Ukijaribu kutafuta neno ndani yake hupati kitu, kwa kuwa ni picha.

Niliwaandikia taasisi ile barua pepe Jumanne, nikaeleza yote niliyoyaeleza hapa na kuambatisha picha za skrini. Jibu lilikuja Alhamisi: nisafishe kumbukumbu ya kivinjari na nijaribu tena baada ya muda. Nimejaribu leo asubuhi kwenye kompyuta tatu na simu mbili. Mstatili wa kijivu upo palepale.

Ninachodai si kikubwa. Pawe na kiungo cha kawaida cha kupakua faili, mbali na fremu hizo za mapambo. Seva, kompyuta inayotuma faili za tovuti, itamke wazi kwamba kinachotumwa ni PDF, maana ikilitaja kuwa faili la aina isiyojulikana, kivinjari hulipakua badala ya kulionyesha. Fomu ya kujaza kwa kalamu itolewe kama PDF ya kawaida yenye fonti zake ndani. Na kabla ya kutangaza siku ya mwisho ya maombi, ofisa mmoja atoe simu yake mfukoni, azime Wi-Fi ya ofisi, aifungue fomu hiyo mpaka ukurasa wa mwisho.

Kama kuna mwana-jukwaa anayesimamia tovuti ya taasisi yoyote, aje hapa anieleze ni nani hasa mwenye kazi ya kufanya jaribio hilo, kwa sababu kwa sasa linafanyika dukani kwangu, kwa umeme wangu na bando langu, mbele ya mteja mwenye haraka.